Ulimi wa Chai Kwenye Bia ya Kahawa

Povu la bia likikuingia puani, usihangaike na kitambaa. Inama, fungua mdomo, subiri lishuke lenyewe. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuonja, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Nilijifunza nikiwa nimeshastaafu, sebuleni kwangu Kapkatet, mbele ya kaka yangu ambaye ni mzee wa kanisa.

Naitwa Rael. Maisha yangu yote ya kazi nimeonja chai katika kiwanda kimoja upande huu wetu wa Bureti. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nakaa kitini nikiletewa chai na mandazi. Kazi yenyewe ni kusimama mbele ya meza ndefu iliyopangwa vikombe vyeupe, kuchota kwa kijiko, kuvuta chai kwa kishindo mpaka ipige kaakaa na harufu ipande nyuma ya pua, kisha kuitema kwenye ndoo na kusogea kikombe kinachofuata. Ukivuta kwa upole huonji kitu. Wamewahi kuja wasichana kufundishwa kazi wakaona haya kuvuta kwa sauti, maana nyumbani walikanywa wasinywe chai kama ng'ombe. Niliwaambia kwamba hapa ng'ombe ndiye mwalimu.

Sasa niwaeleze habari ya bia, kisha mtaona kwa nini nimeileta kwenu.

Kaka yangu Joel analima kahawa Kipkelion. Wengi wakiisikia Kipkelion huwaza mahindi na maziwa, lakini kahawa ipo, na ya Joel ni kahawa ya mtu asiyelala. Mtoto wake wa kwanza ni Weldon. Kwetu shangazi wa upande wa baba ni senge, na senge hana ruhusa ya kumchoka mtoto wa kaka yake. Mimi Weldon nampenda, nasema wazi, na yeye anajua, ndiyo maana hunisumbua.

Weldon alikuwa na kazi ya koti jeupe, akipima maziwa katika kiwanda fulani. Akaiacha. Akachukua leseni, akakodi chumba nyuma ya duka la mabati mjini Kericho, akaweka mapipa ya chuma yanayong'aa, akaanza kupika bia. Si ile ya kreti tuliyoizoea kuiona. Ni bia inayopikwa kidogo kidogo, kwa watu wanaonusa kabla ya kunywa. Joel aliposikia hakupiga kelele. Aliacha tu kumpigia mtoto simu, na nyinyi mnaojua wababa wa huku mnajua hiyo ni kelele ya namna gani.

Mambo yalichemka pale Weldon alipoamua kutia kahawa ndani ya bia. Mama yake alimpa debe moja la kahawa ya shambani bila kuuliza maswali mengi. Bia ikapikwa, hoteli moja ya Nakuru ikasema itaichukua, na Weldon akapata ujasiri wa kwenda Kipkelion kumwomba baba yake kahawa ya msimu mzima. Joel alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hivi, nami naandika kama nilivyosimuliwa:

"Mimi pombe sijui, na sitaki kujua. Lakini Rael anajua kitu ikiwa kwa kikombe. Peleka kwake. Akisema ni kitu, kahawa nitakupatia. Akisema si kitu, kahawa yote inaenda factory, wewe unarudi kwa maziwa, na hiyo maneno tunamalizia hapo."

Weldon akanipigia simu nikiwa zizini.

"Senge, Baba amekufanya jaji."

"Jaji wa nini?"

"Wa bia."

Nikakata simu. Nilimpigia nilipomaliza kukamua.

Mimi pombe sinywi. Bibi yangu alipika maiywek, ile pombe ya nafaka waliyoinywa wazee kwa mirija mirefu wakiwa wamezunguka chungu, lakini mama aliokoka na sisi tukalelewa hivyo. Kwa hiyo nilimwendea mchungaji wetu, nikamuuliza kama mtu akionja bia na kuitema amekosea. Akafikiri kidogo, akasema, "Mama Rael, kwa hiyo hesabu, mlevi ni ndoo." Nikaona nimepata ruhusa.

Lakini sikulala vizuri kwa ajili ya jambo hilo. Joel ananiamini kupita kiasi. Tangu nilipoanza kazi kiwandani amekuwa akiwaambia watu kwamba dada yake anaweza kunusa chai akataja shamba na jina la mbwa wa shamba. Kuonja kitu ambacho riziki ya mtoto inakisubiri ni kazi nzito, hasa ukiwa ulimwogesha mtoto huyo alipokuwa mchanga.

Hapo nilimkumbuka sana marehemu Bwana Ndegwa, aliyenifundisha kazi. Baba yake alitoka Nyeri zamani akafungua duka Kericho, na Ndegwa alikulia nyuma ya kaunta. "Pua yangu ilisomea kwa duka ya mzee," alikuwa akisema. "Mafuta ya taa huku, unga huku, sabuni huku. Ukiweka mbaya, mteja anarudisha unga na wewe unalala njaa." Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta la kijani ambalo sidhani liliwahi kufuliwa kwa sabuni yenye manukato, maana manukato aliyachukia kama wengine wanavyochukia nyoka.

Siku yangu ya kwanza alinipa kikombe. Nikavuta, nikatema, nikafuta kidevu.

"Sema."

"Ni nzuri."

"Nzuri si neno ya hapa. Nzuri utaambia mchumba wako. Hii majani ilipatwa na nini?"

Nikachungulia kikombe tena, akanifukuza. Hakunifukuza kazi, alinifukuza niende sokoni. Akaniambia nisirudi chumbani mpaka nijue harufu ya gunia lililolowa, ya ngozi mpya ya kiatu, ya sukuma wiki iliyolala kwenye karatasi, ya bati lililochomwa na jua. Nilitembea sokoni nikiinamia vitu vya watu. Muuza viatu alinifuata kwa macho mpaka mwisho wa safu, na mama mmoja wa mboga aliniuliza kama ni mimba. Lakini niliporudi nilikuwa na maneno. Kikombe kilichokaa kwenye unyevu nilikiita gunia. Kilichocheleweshwa kwenye kuchachuka, pale majani yaliyosagwa yanapoachwa yageuke rangi, nilikiita sukuma ya jana. Ndegwa akatikisa kichwa kukubali, akanisogezea kiti, ingawa sote wawili hatukukaa.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlishike. Usiseme nzuri wala mbaya kabla hujasema kitu kilipatwa na nini. Mkulima ukimwambia chai yake ni mbaya umemtukana na hujamsaidia. Ukimwambia majani yalikaa kwenye gunia juani kabla ya kufika, ataenda kuweka gunia kivulini.

La pili ni mwili wako mwenyewe. Vitunguu vibichi acha. Dawa ya meno, subiri kidogo kabla ya kazi. Kuna asubuhi Ndegwa alifika mlangoni akagoma kuingia. "Nani amepaka dawa ya mafua?" Tukatazamana. Hakuna aliyepaka. Akazunguka nje akinusa hewa, akamkuta karani wa ofisi ya pili amejipaka kifua kizima na dirisha liko wazi. Vikombe vyote vya asubuhi ile vilikuwa na ladha ya wodi. Tukavimwaga, tukafungua madirisha, karani akapewa mapumziko ambayo hakuyaomba.

Siku hizi kiwanda kina mashine inayotazama rangi ya chai, na zile sakafu tulizokuwa tukiinama kunusa majani yakichachuka zimeondolewa, kuna mikanda inayopulizwa hewa na saa inayolia yenyewe. Mjukuu wa jirani yangu anaonja akiwa na tableti mkononi. Sina ugomvi na mashine. Haipatwi na mafua, wala haigombani na mumewe asubuhi ikaona kila kikombe ni kichungu. Ila mimi mashine yangu ni hii niliyonayo mdomoni, na ndiyo Joel aliyoitaka.

Siku yenyewe ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa safi. Niliwaita asubuhi, maana ulimi wa mchana umeshachoka. Joel alikuja na pikapu kutoka Kipkelion, akiwa amevaa koti kama anaenda harusini. Weldon alikuja na sanduku la chupa, chache zenye vifuniko vyekundu na chache vya njano. Walisalimiana kwa mkono, kwa adabu nyingi, kama watu wa kamati mbili tofauti. Iliniuma kuwaona hivyo.

Nikapanga vikombe vyangu vyeupe vya wageni.

"Senge, IPA hainywewi na kikombe ya chai," Weldon akasema. "Iko na glasi yake."

"Hii kitu inaitwa nani?"

"IPA. Jina yote ni India Pale Ale. Zamani walikuwa wanaipeleka India kwa meli, ndiyo wakaijaza hops mingi isiharibike. Hops ni maua, ndiyo inaleta ile uchungu."

"Chai ilitoka India ikaja kwetu, na hii ilienda huko," nikasema. "Basi kikombe kitaijua njia."

Katika chumba cha Ndegwa hakuna aliyeonja kitu anachokijua. Mwingine ndiye aliyemimina, na kikombe kimoja kilirudiwa mahali popote mstarini, ili muonjaji anayebahatisha ajulikane. Weldon asingeweza kumimina, mimi pia nisingeweza. Tukamtazama Joel.

"Mimi?" akasema.

"Ni kumimina tu, si kunywa."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. "Nitamimina. Lakini sitanusa." Akaingia jikoni na chupa zake, akafunga mlango. Tukamsikia akipambana na kifunguo, kisha akasema neno ambalo mzee wa kanisa hulisema kwa sauti ya chini. Alikuwa amemimina kutoka juu, kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Alitoka na vikombe vitatu vilivyojaa povu mpaka kwenye visosi, na mkono wa shati umelowa.

"Inapanda!" akasema, akimlaumu Weldon.

Tukasubiri povu litulie. Huku chini ya kila kikombe Joel alikuwa ameweka alama yake kwa biro, nami sikuziona.

Nikachukua kijiko. Hapa sasa ndipo penye kosa ambalo nadhani halijawahi kufanywa na mnywaji yeyote wa bia duniani, ila linaweza kufanywa na kila mmoja wenu. Mwili wangu ulifanya kile ulichozoea kufanya. Nilichota, nikavuta kwa nguvu zangu zote, kwa kishindo cha kiwandani. Chai ikivutwa hivyo inatawanyika mdomoni. Bia ina gesi. Ilipopiga kaakaa ililipuka, ikajaa mdomo, ikapanda puani, ikatoka puani, ikarudi. Nilishika meza. Machozi yakanitiririka, nikakohoa, nikapiga chafya juu ya kitambaa changu cha meza kilichofumwa kwa mkono. Nilisikia sauti ngeni chumbani, nikafikiri kuku ameingia. Alikuwa Joel. Alikuwa anacheka mpaka amejishika mbavu, na Weldon naye, kila mmoja akijaribu kumtazama mwenzake asiweze.

"Senge, pole. Hiyo huwa unakunywa tu pole pole," Weldon alisema alipopata pumzi.

"Ungesema mapema."

"Sikujua utaivuta kama pampu ya maji ya tope!"

Nikanawa uso, nikatafuna kipande cha mkate mkavu, nikaanza upya. Safari hii nilinusa kwanza kwa muda mrefu. Kisha nikachukua funda dogo, nikaliviringisha polepole, nikaacha gesi imalizike yenyewe, nikatema.

Kikombe cha kwanza kilianza na ganda la chungwa, lile linaloruka unapolibana kwa ukucha. Nyuma yake nyasi zilizokatwa asubuhi. Halafu uchungu ukaja, ukakaa pembeni mwa ulimi bila haraka, uchungu msafi usio na moshi, unaofanana na chai kali ya mvua ya kwanza. Nilipotema ndipo kahawa ikatokea, kavu kidogo, yenye ukingo wa mkaa, nikaikumbuka mursik, maziwa yetu ya kugandisha yenye mkaa, mtu anapofungua kibuyu. Sikutegemea kupenda. Nilikaa na ladha ile mdomoni nikashangaa kwamba mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ameitengeneza.

Kikombe cha pili nilikinusa nikasita. Nikanusa tena. Pilipili hoho. Si ya kupikwa, ile mbichi, inapokatwa kwa kachumbari na mbegu zikamwagika kwenye ubao. Nikaonja nikiomba iwe pua tu. Haikuwa pua tu. Chungwa lilikuwa limenyauka, kahawa imegeuka mboga.

Kikombe cha tatu kilikuwa ndugu wa cha kwanza.

Nikaweka kijiko chini. Joel alikuwa ameegemea mbele, viganja juu ya magoti. Weldon alikuwa anatazama dirishani, lakini masikio yake yalikuwa kwangu. Vijana, nilitamani sana kusema neno moja, "nzuri," tuchinje kuku na tumalize. Vikombe viwili kati ya vitatu vingenitetea. Kaka yangu aliniamini, na mtoto wangu alinihitaji, na ulimi wangu ulikuwa tayari umeshajua.

"Cha kwanza na cha tatu ni chupa moja," nikasema. "Hiyo imelelewa vizuri, haina kasoro ninayoijua. Cha pili kahawa imekaa ndani ikageuka. Kina pilipili hoho. Kilikuwa kama cha kwanza, lakini kimezeeka, na kitaendelea kuharibika. Hiki mtu asiuziwe."

Joel akainua vikombe kimoja kimoja akasoma alama zake. Cha kwanza na cha tatu vilikuwa vya kifuniko cha njano. Cha pili kilikuwa chekundu. Kisha, yeye aliyesema hatanusa, akainamisha uso taratibu juu ya kikombe cha kwanza, akakaa hapo.

"Hiyo ni kahawa yangu," akasema. "Ile ya mteremko wa chini."

"Ndiyo, Baba."

"Na hii nyekundu?"

"Ni ile ile kahawa. Lakini hiyo nilipika kitambo. Ya njano ni ya majuzi."

"Ya njano iko mingi?"

"Hapana. Kidogo tu. Nyekundu ndiyo imejaa stoo. Ndiyo watu wa Nakuru wanakuja kuchukua."

Joel akaweka kikombe mezani. "Kwa hivyo ungeleta ya njano peke yake, Rael angesema ni kitu, na mimi ningekupatia kahawa."

"Ndiyo."

"Mbona ukaleta nyekundu?"

Weldon akasugua shingo yake. "Kwa sababu ndiyo watu wangekunywa. Nilikuwa nasikia kitu, lakini nakaa nayo kila siku, pua imezoea, nikawa siko sure. Marafiki wangu wote wanasema iko poa. Nikajua Senge hawezi nidanganya."

Sikuweza kumtazama. Nilijifanya napangusa povu mezani.

"Sasa utafanya aje na hiyo ya stoo?" Joel akauliza.

"Nitapigia watu wa Nakuru niwaambie hakuna. Halafu nitaimwaga."

"Yote?"

"Yote, Baba."

Joel akasimama, akachukua koti lake, na mimi nikadhani anaondoka kwenda zake Kipkelion. Akatoa funguo za pikapu. "Twende basi," akasema.

Tulienda Kericho sote watatu. Chumba cha Weldon kilikuwa kisafi kuliko jiko langu, nilimwambia hivyo. Akapiga simu kwa watu wa hoteli, akaongea kwa ufupi, akarudi amebana midomo. Tukaanza kutoa kreti hadi kwenye mtaro ulio nyuma, unaoshuka kwenye nyasi za ng'ombe za mwenye nyumba. Mimi nilipewa ndoo nikalie, kwa heshima ya magoti yangu.

Joel alisimama kando kwa muda, mikono nyuma, kama anavyosimama shambani akiwaangalia wachumaji. Hakuna aliyemwomba kitu. Kisha akakunja mikono ya shati, akachukua kifunguo cha pili, akachuchumaa karibu na mwanawe. Chupa yake ya kwanza ilimrukia usoni. Alijifuta, akachukua nyingine, akaiinamisha kama alivyomwona Weldon akifanya. Povu likashuka mtaroni, na harufu ya machungwa na hoho ikatuzunguka mpaka mwenye duka la mabati akachungulia, akamwona mzee wa kanisa amelowa bia mpaka kifuani, akarudisha kichwa ndani.

"Hii kahawa unaiweka ikiwa nzima ama imesagwa?" Joel akauliza, bila kuinua macho.

"Nzima, Baba. Imechomwa, lakini nzima."

"Inakaa ndani sana?"

"Niliiacha ikakaa sana. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Ya njano niliitoa mapema."

"Na umeichoma wewe?"

"Kuna mtu ananichomea hapa town."

"Anaichoma sana. Nilinusa. Ile ya chini haitaki moto mkubwa." Akamwaga nyingine. "Mama yako anajua kuichoma."

Wakaendelea. Nilikuwa nawasikiliza wakiongea juu ya moto na maji na mteremko wa chini, mambo ambayo hawakuwa wameyaongea tangu Weldon aache maziwa, na nilifurahi kiasi kwamba nilisahau nimekalia ndoo. Kreti zilipokaribia kuisha, Joel akasimama, akanyoosha mgongo, akatazama juu kwenye mawingu yaliyokuwa yanarudi.

"Kahawa itakuwa tayari Novemba," akasema. "Kuja na magunia yako. Zangu zina panya."

"Sawa, Baba," Weldon akasema. Kisha akaokota chupa aliyokuwa ameshaimwaga, akaanza kuifungua tena, macho yakiwa kwa baba yake.